Nani Aadhibiwe? H. L. A. Hart na Thamani ya Udhuru

Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya ngazi ya kati nchini Uingereza iliamua kesi ya binti wa miaka 14 ambaye alikuwa amekesha nje usiku kucha bila kulala, akaingia alfajiri katika kibanda cha bustani, akamwaga mafuta ya kuyeyushia rangi juu ya zulia na kuyawasha kwa kiberiti. Moto ulimshinda na kibanda kikateketea. Mahakimu walioisikiliza kesi mara ya kwanza walimwachia huru, kwa kuwa waliridhika kwamba binti huyo, aliyekuwa akipata shida kubwa katika masomo, hakuitambua hatari aliyoisababisha, na hata kama angetulia na kuifikiria asingeitambua. Upande wa mashtaka ulikata rufaa, na ukashinda. Majaji walisema, mmoja wao kwa kusitasita kulikoonekana wazi katika hukumu yake, kwamba sheria kama ilivyofasiriwa miaka miwili kabla haikuwaruhusu kuuliza binti huyu angeweza kuona nini. Iliwataka waulize tu ambacho mtu mwenye busara ya kawaida angekiona.

Nimeanza na kesi hiyo kwa sababu swali ambalo majaji hao walikatazwa kuliuliza lilikuwa limeshaandikwa kwa ufasaha miaka 22 kabla na profesa wa falsafa ya sheria wa Chuo Kikuu cha Oxford, H. L. A. Hart. Wanafunzi wengi wa sheria humfahamu Hart kupitia kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu dhana ya sheria, na huishia hapo. Kwa maoni yangu, kazi yake kuhusu falsafa ya sheria ya jinai, ambayo sehemu kubwa yake ilikusanywa mwaka 1968 katika kitabu kiitwacho Punishment and Responsibility, ndiyo inayogusa maisha ya watu kwa karibu zaidi. Hoja yake ya msingi ni kwamba udhuru wa mshtakiwa ni kitu anachostahili kukidai mbele ya dola, hata pale ambapo hakuna aliyemwonea huruma na hata pale ambapo jamii ingepata faida kwa kumnyima. Ninaiona hoja hiyo kuwa sahihi, ingawa ina mahali inapolegea, na nitapaonyesha.

Hart alizaliwa mwaka 1907. Kabla ya kuwa mwanafalsafa alifanya kazi ya uwakili kuanzia mwaka 1932 katika upande wa sheria unaohusu amana, mirathi na mali za familia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliitumikia idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, na vita vilipokwisha mwaka 1945 alirudi Oxford kufundisha falsafa. Mwaka 1952 alipewa kiti cha uprofesa wa falsafa ya sheria, akakishika hadi mwaka 1968. Ninaitaja historia hii kwa sababu mtu aliyezoea kushughulika na wosia na mikataba hujua jambo ambalo mwanafalsafa wa maadili anaweza kulisahau: kwamba sheria huwapa watu uwezo wa kupanga maisha yao, na kwamba hati iliyotiwa saini kwa kulazimishwa au kwa kutoelewa haina nguvu. Ujuzi huo, kama tutakavyoona, ndio uliompa ufunguo wa suala la udhuru katika jinai.

Miaka ambayo Hart aliandika makala zake ilikuwa pia miaka ya mabishano makali nchini mwake. Mwaka 1957 Bunge lilipitisha sheria ya mauaji iliyopunguza makosa ya kunyongewa na kuingiza utetezi wa upungufu wa akili usiofikia wendawazimu. Mwaka huohuo kamati ya serikali iliyoitwa ya Wolfenden ilipendekeza kwamba mahusiano ya faragha ya wanaume wazima waliokubaliana yasiwe jinai tena, jambo lililomwingiza Hart katika mjadala mrefu na jaji Lodi Devlin kuhusu mipaka ya sheria na maadili. Adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji ilisitishwa mwaka 1965. Falsafa ya adhabu haikuwa zoezi la darasani tu. Watu walinyongwa au waliponea kwa kutegemea maana ya maneno kama nia, kujua na kuweza kujizuia.

Mchango wa kwanza wa Hart ulikuwa kuyatenganisha maswali. Kwa muda mrefu waliojadili adhabu walijigawa kambi mbili. Kambi moja, iliyomfuata mwanafalsafa Immanuel Kant, ilisema kwamba mkosaji huadhibiwa kwa sababu amestahili, na faida yoyote inayofuata ni jambo la pembeni. Kambi nyingine, iliyomfuata mwanafalsafa Jeremy Bentham, ilisema kwamba adhabu ni maumivu, na maumivu ni uovu usiohalalishwa ila kwa kuzuia uovu mkubwa zaidi. Kila kambi ilimpata mwenzake kwa mfano mmoja unaochoma: Wabentham waliwauliza Wakant kuna faida gani ya kulipa uovu kwa uovu usiomsaidia yeyote, na Wakant waliwauliza Wabentham ni nini kingewazuia kumnyonga asiye na hatia endapo kufanya hivyo kungetuliza ghasia mjini.

Katika hotuba aliyoitoa mwaka 1959 kama rais wa Jumuiya ya Aristotle, chama cha wanafalsafa jijini London, Hart alisema kwamba ugomvi huo ulitokana na kudhani kuwa kuna swali moja linalohitaji jibu moja. Alichukua mfano wa umiliki wa mali. Mtu anaweza kuuliza kwa nini ni jambo jema jamii kuwa na utaratibu wa umiliki, na hilo ni swali tofauti na lile la jinsi mtu fulani anavyopata haki juu ya kiwanja fulani, na tofauti tena na lile la kiasi gani cha mali mtu aruhusiwe kumiliki. Vivyo hivyo katika adhabu: kuna swali la lengo la jumla la kuwa na utaratibu wenyewe, kuna swali la nani aadhibiwe, na kuna swali la aadhibiwe kiasi gani. Anayeamini kwamba lengo la jumla ni kupunguza uhalifu halazimiki kuamini kwamba kila asiye na hatia aadhibiwe pindi uhalifu unapoweza kupungua kwa njia hiyo. Anaweza kusema, bila kujipinga, kwamba lengo hilo lifuatwe ndani ya mpaka, na mpaka wenyewe ni kwamba aadhibiwe yule tu aliyetenda kosa, tena aliyelitenda akiwa na uwezo wa kutolitenda.

Palikuwa na njia ya mkato ambayo baadhi ya watetezi wa Bentham waliitumia. Walisema kwamba neno "adhabu" lenyewe lina maana ya maumivu anayopewa mkosaji kwa kosa lake, kwa hiyo kumwadhibu asiye na hatia ni jambo lisilowezekana hata kimaneno. Hart aliikataa njia hiyo, na nadhani alifanya vyema kuikataa kwa ukali. Ukimwambia mtu anayeogopa kufungwa bila hatia kwamba kamusi inamlinda, hujamlinda na chochote. Tendo atakalotendewa laweza kupewa jina jingine, na swali la kwa nini tusilitende litabaki palepale.

Sasa, kwa nini tusilitende? Hapa ndipo kazi ya Hart inapokuwa nzito, na hapa ndipo ningependa kukaa.

Bentham alikuwa na maelezo yake ya kwa nini sheria huwaachia watoto wadogo, wenye wazimu, waliolazimishwa, na waliotenda kwa ajali au kwa kutojua. Alisema kwamba tishio la sheria haliwezi kuwagusa watu hao wakati wanapotenda, na kwa hiyo kuwaadhibu ni kumwaga maumivu bure. Maelezo haya yalionekana kutosha kwa zaidi ya karne moja na nusu. Hart aliyasoma tena na kugundua kwamba kati ya sentensi ya kwanza na ya pili kuna shimo. Kwamba tishio halikuweza kumgusa mtu huyu hakumaanishi kwamba adhabu yake haiwezi kumgusa mtu mwingine. Fikiria mahakama isiyokubali udhuru wowote, inayomfunga aliyeteleza sawasawa na aliyesukuma. Mtu anayepanga kumsukuma adui yake ngazini kisha ajifanye ameteleza atajua kwamba hila hiyo haitamfaa. Yawezekana basi kwamba kuondoa udhuru kungepunguza uhalifu kwa kuwakatia tamaa waongo. Ikiwa sababu pekee ya kuukubali udhuru ni hesabu ya faida, basi siku hesabu itakapogeuka udhuru hautakuwa na cha kusimamia. Na bado sisi sote, tukiambiwa kwamba mtu aliyeteleza amefungwa ili waongo wakome, tunaona kwamba mtu huyo ametendewa dhuluma. Kwa hiyo tulikuwa tunauheshimu udhuru kwa sababu nyingine muda wote, na Bentham hakuiona.

Wengine wangejibu haraka kwamba sababu hiyo nyingine ni maadili: asiyekusudia hana hatia ya kimaadili, na sheria isimwadhibu ila mwenye hatia ya kimaadili. Hart hakuridhika na jibu hilo pia. Sheria ya jinai imejaa makosa ambayo kabla ya sheria kuyataja hayakuwa maovu kwa vyovyote, kama kuendesha gari upande wa barabara usiotakiwa. Zaidi ya hapo, ziko sheria mbaya, ambazo kuzivunja si dhambi na pengine ni ujasiri. Lakini hata chini ya sheria mbaya tungelalamika mara ya pili endapo aliyeivunja kwa ajali angeadhibiwa pamoja na aliyeivunja kwa kukusudia. Malalamiko hayo ya pili hayawezi kuwa yanahusu hatia ya kimaadili, kwa kuwa wote wawili hawana. Yanahusu uadilifu wa dola katika kumfikia mtu. Nimeisoma hoja hii mara nyingi na kila mara huniridhisha kwa namna inavyomtenga mtu na sifa ya sheria inayomhukumu: hata anayehukumiwa kwa sheria isiyostahili kuwapo anastahili kupewa nafasi ya kuikwepa.

Jibu la Hart mwenyewe lilitoka katika ulimwengu wa wosia na mikataba. Katika sheria ya madai, wosia ulioandikwa na mtu asiye na akili timamu, mkataba uliopatikana kwa vitisho, au ndoa iliyofungwa kwa kumdhania mtu mwingine, vyote vinaweza kubatilishwa. Hakuna anayesema kwamba vinabatilishwa kwa huruma, au kwa sababu mtia saini hana dhambi. Vinabatilishwa kwa sababu taratibu hizo zipo ili chaguo la mtu liamue kitakachompata, na pasipokuwa na chaguo utaratibu umekosa maana yake. Hart alipendekeza tuiangalie sheria ya jinai kwa jicho hilohilo. Sheria inayotambua udhuru inamwambia mwananchi mambo ambayo yatakuwa makosa na yatakayompata akiyatenda, kisha inamwachia achague. Anaweza kutabiri, kwa kiasi kikubwa, lini mkono wa dola utamshika na lini hautamshika, na utabiri wake unategemea uamuzi wake mwenyewe. Ukiondoa udhuru, maisha yake yanakuwa wazi kwa bahati: akijikwaa na kumwangusha mtu, akikosea koti kwa kuchukua la jirani, akisukumwa na umati, anaweza kuamka siku ya pili akiwa mfungwa, na hakuna busara au uangalifu wowote ambao ungemwokoa.

Miaka ya Hart ilitoa mifano miwili ya jinsi ulinzi huu unavyoweza kuporomoka, mmoja kutoka mahakamani na mwingine kutoka kwa msomi mwenye nia njema.

Mfano wa mahakamani ni uamuzi wa mwaka 1960 wa Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Dereva aliyebeba vitu vya wizi aliamriwa na askari wa polisi asimame. Aliongeza mwendo, askari akang'ang'ania gari, akaanguka mbele ya gari jingine na kufa. Suala lilikuwa kama dereva alikusudia kumuua au kumdhuru vibaya. Malodi walisema kwamba haikuwa lazima kujua alichokiwaza dereva huyo. Ilitosha kwamba mtu wa kawaida mwenye akili angetambua kuwa madhara makubwa yangekuwa matokeo ya kitendo hicho. Hatia ya kuua kwa kukusudia, ambayo mahakama ya chini ya rufaa ilikuwa imeipunguza, ikarudishwa. Uamuzi huo ulishambuliwa na wanasheria wengi, na mwaka 1967 Bunge liliweka kifungu kinachosema kwamba mahakama hailazimiki kudhani kuwa mtu alikusudia matokeo kwa sababu tu yalikuwa matokeo ya kawaida ya kitendo chake. Ubaya wa uamuzi wa 1960, kwa jicho la Hart, ni kwamba ulimhukumu mtu kwa kichwa cha mtu mwingine.

Mfano wa pili ni Barbara Wootton, mtaalamu wa sayansi ya jamii ambaye pia alikaa kwenye kiti cha hakimu kwa miaka mingi. Wootton aliona kwamba kama lengo la sheria ni kuzuia madhara, basi kuuliza hali ya akili ya mtu kabla ya kumtia hatiani ni kupoteza muda, tena ni kuuliza swali lisilojibika, maana hakuna chombo kinachopima kama mtu alishindwa kujizuia au hakutaka kujizuia. Alipendekeza kwamba mahakama ithibitishe tu kitendo, kisha hali ya akili iangaliwe wakati wa kuamua mtu huyo afanyiwe nini ili asirudie, awe gerezani au hospitalini. Pendekezo hili lilitolewa kwa moyo wa ubinadamu, na Hart alilijibu kwa heshima, akikiri kwamba ugumu wa ushahidi alioutaja Wootton ni wa kweli. Lakini alionyesha gharama yake. Chini ya mfumo huo kila ajali inayoleta madhara inakuwa tukio la jinai linalompa ofisa wa serikali uwezo wa kuingia katika maisha ya mtu, kumchunguza na kuamua kama anahitaji kutibiwa. Idadi ya mara ambazo dola inaweza kumshika mwananchi ingeongezeka sana, na mwananchi asingekuwa na njia ya kuzuia. Kadhalika, watu katika maisha yao hawaonani kama miili inayogongana. Kugongwa kwa bahati mbaya na kupigwa makusudi ni mambo mawili kwa aliyeumizwa, hata kama jeraha ni lilelile, na sheria isiyoona tofauti hiyo ingekuwa ngeni kwa watu inaowatawala.

Kutokana na haya msomaji anaweza kudhani kwamba Hart alitaka kila kosa lihitaji nia ovu ya wazi. Hakutaka hivyo, na hapa ndipo alipotofautiana na wenzake. Katika makala ya mwaka 1961 kuhusu uzembe alipingana na wale waliodai kwamba mtu ambaye hakuiwazia hatari kabisa hawezi kulaumiwa kwa haki, kwa kuwa akilini mwake hapakuwa na kitu cha kulaumiwa. Hart alisema kwamba tunapomwambia mtu "hukufikiri!" hatuelezi tu upungufu wa picha kichwani mwake, tunamlaumu kwa kutotumia uwezo aliokuwa nao. Fundi anayetupa matofali kutoka juu ya jengo bila kuchungulia chini hawezi kujitetea kwa kusema kwamba wapita njia hawakumjia akilini, ikiwa kuchungulia kulikuwa ndani ya uwezo wake na alijua kwamba kuna njia pale. Akili ya binadamu ina uwezo wa kuwa macho kama mkono ulivyo na uwezo wa kushika, na anayeuacha uwezo huo ulale pale alipotakiwa kuuamsha amekosa.

Kwa hiyo Hart aliweka maswali mawili. La kwanza: je, mshtakiwa alishindwa kuchukua tahadhari ambazo mtu wa kawaida mwenye uwezo wa kawaida angezichukua? La pili: je, mshtakiwa huyu, kwa akili yake na mwili wake, angeweza kuzichukua? Ni lazima yote mawili yajibiwe ndiyo. Sheria inayouliza la kwanza na kunyamaza kuhusu la pili huwaadhibu watu kwa kutofikia kipimo kisichoweza kufikiwa nao, na hilo ndilo hasa lililompata binti wa mwaka 1983.

Nilisema kwamba hoja hii ina mahali inapolegea. Mahali pa kwanza ni lugha ya kuchagua na kulipa. Ikiwa sheria ni orodha ya mambo na gharama zake, na mwananchi anachagua akijua gharama, basi faini ya kosa na kodi ya bidhaa vinatofautianaje? Mwanafalsafa Joel Feinberg, katika makala ya mwaka 1965, alieleza kwamba adhabu hubeba karipio. Jamii inasema kupitia adhabu kwamba kitendo hiki kilikuwa kibaya na kwamba ni chako. Mwanafalsafa mwingine, Antony Duff, katika kitabu cha mwaka 1986, alikwenda mbali zaidi na kuiona kesi ya jinai kama mazungumzo ambayo jamii inamwita mtu aje kujibu kwa alilotenda. Kwa mtazamo huo udhuru una thamani kwa sababu karipio lisilo la kweli ni kashfa: kumwambia aliyeteleza kwamba amesukuma ni kusema uongo juu yake hadharani. Ninakiri kwamba hapa Feinberg na Duff wameona kitu ambacho Hart alikipita haraka. Hart mwenyewe alijua kwamba sheria ya jinai haitaki watu wavunje na kulipa, inataka wasivunje. Lakini hakulipatia neno "hatia" uzito wake wote, na kwa sababu hiyo maelezo yake hayatoshi kueleza kwa nini aliyekusudia aadhibiwe vikali zaidi kuliko mzembe, wakati wote wawili walikuwa na nafasi ya kutotenda.

Hata hivyo siko tayari kumwacha Hart na kuhamia upande wa karipio moja kwa moja. Karipio linahitaji anayekaripia awe na mamlaka ya kimaadili juu ya anayekaripiwa, na dola haina mamlaka hayo kila siku wala kwa kila sheria. Hoja ya Hart inamlinda hata mtu ambaye haitambui dola yake kuwa mzazi wala mwalimu wake. Inadai kidogo kutoka kwa sheria, na kwa kudai kidogo inasimama katika nchi nyingi zaidi na nyakati mbaya zaidi.

Mahali pa pili panaponisumbua ni uimara wa mpaka wenyewe. Hart alikubali kwamba katika hali za hatari kubwa mno watu wengi wanaweza kuona ni sawa kuuvuka mpaka na kumwadhibu asiye na hatia, ila wajue kwamba wanaitoa mhanga kanuni muhimu. Huo ni ukweli kuhusu wanadamu, na sipendi wanafalsafa wanaojifanya kwamba dhamiri haipasuki kamwe. Lakini kanuni inayosema "usivuke, na ukivuka uhuzunike" inahitaji kutuambia ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba hatari imekuwa kubwa mno. Hart hakulijibu hilo kwa kiasi cha kuniridhisha.

Kuna jambo la tatu, ambalo silioni kama udhaifu. Naliona kama mlango ambao Hart aliufungua nusu. Ikiwa msingi wa adhabu ni nafasi ya haki ya kutii, basi kuna watu ambao nafasi yao imebanwa na njaa na ufukara kuliko inavyobanwa na ugonjwa wa akili. Hart aliligusia hilo kwa sentensi chache, akisema kwamba dhana ya mtu anayechagua inawafaa walio juu ya kiwango fulani cha maisha, na kwamba huenda shinikizo kubwa la umaskini listahili kufikiriwa miongoni mwa udhuru. Kisha akaendelea na mengine. Waliofuata baada yake wameandika mengi kuhusu wendawazimu, ulevi na kulazimishwa. Mlango huu wa umaskini ulistahili kusukumwa kwa nguvu zaidi, kwa sababu mantiki yake ni ileile iliyomlinda mtoto na mgonjwa.

Nirudi kwenye moto. Kipimo kilichomtia hatiani yule binti kilitoka katika uamuzi wa Baraza la Malodi wa mwaka 1981, ulioandikwa na Lodi Diplock, kuhusu mtu mzima mlevi aliyechoma hoteli kwa kinyongo. Kipimo hicho kiliuliza kama hatari ilikuwa dhahiri kwa mtu wa kawaida, na kama mshtakiwa aliendelea bila kuiwazia. Kilidumu miaka 22. Mwezi Agosti mwaka 2000, wavulana wawili wa miaka 11 na 12 waliwasha magazeti nyuma ya duka na kuyatupa chini ya pipa la taka la plastiki, wakaondoka wakidhani yatazimika yenyewe juu ya sakafu ya saruji. Moto ulipanda hadi paa na kuleta hasara ya karibu pauni milioni 1. Walitiwa hatiani kwa kipimo kilekile. Mwaka 2003, miaka 11 baada ya kifo cha Hart, Baraza la Malodi chini ya Lodi Bingham liliwaondolea hatia na kukitupilia mbali kipimo cha 1981, likisema kwamba si haki kumtia mtu hatiani, hasa mtoto, kwa hatari ambayo mtu mwingine angeiona na yeye hakuiona.

Nilifurahia uamuzi huo, na bado naufurahia kwa ajili ya watoto wale. Lakini ulivuka pale ambapo Hart angesimama. Kuanzia hapo, kwa kosa hilo la kuharibu mali, ni lazima mshtakiwa awe aliitambua hatari yeye mwenyewe. Malodi walikuwa na sababu yao nzuri ya kisheria, kwamba ndivyo Bunge lilivyokusudia lilipotunga sheria ya mwaka 1971. Matokeo yake ni kwamba mtu mzima mwenye akili zake timamu, aliyepumzika na asiyelewa, anayetupa kaa la moto kwenye majani makavu ya jirani kwa sababu mali ya jirani haijawahi kumshughulisha, anaweza kusema kwa ukweli kwamba hatari haikumjia akilini, na kwa kosa hilo akaachiwa. Kutowaza kwake ndiyo lawama yake. Swali la pili la Hart lingetosha kumwachia binti wa mwaka 1983 na wavulana wa mwaka 2000, na lingemwacha mtu mzima huyo kizimbani akijibu.